Diploma ya Ng'ambo na Nyumba ya Baba

Katika nchi ya India liko swali ambalo jamaa nyingi huliweka mezani jioni, baada ya chakula, baba akiwa na kalamu mkononi. Mtoto amemaliza masomo, amefanya kazi miaka mitatu au minne, ana akili na bidii. Sasa ataka kwenda Marekani, au Uingereza, au Ufaransa, akajifunze ustadi wa kuongoza biashara katika shule yenye jina kubwa. Barua ya kumpokea imefika. Barua ya ada nayo imefika. Je, aende? Tena akienda, nyumba ya baba iwekwe rehani?

Swali hili si la jana wala la juzi. Wahindi wamekuwa wakiliuliza tangu siku za meli za moshi. Ndiyo sababu tumeona vema kulifuata tangu mwanzo wake, kwa maana hesabu ya leo haisomeki vizuri pasipo hesabu za wazee.

Tuanze na kijana ambaye jina lake kila msomaji alijua, ingawa wengi hawajui habari ya feza zake. Mwaka 1888 Mohandas Gandhi alikuwa na miaka 18, na baba yake alikuwa amekwisha kufa. Baba huyo alikuwa waziri wa mtawala mdogo katika Kathiawar, upande wa magharibi wa India, na jamaa walitamani mwana mmoja akirithi kiti kile. Rafiki wa nyumba, mzee Brahmani mwenye busara, akawapigia hesabu. Kijana akisoma universite ya kwao, alisema, atakaa huko miaka minne au mitano, na mwisho wake atapata kazi ya rupia 60 kwa mwezi. Akienda London kusomea uwakili, miaka mitatu yatosha. Gharama haitapita rupia 4,000 au 5,000. Naye akirudi atakuwa mtu mkubwa. Angalieni, wasomaji: hesabu hii ndiyo ile ile ya leo. Namba tu zimebadilika.

Kijana akaanza kutafuta feza. Mwakilishi wa Waingereza katika nchi ile akamjibu kwa kifupi apate kwanza diploma ya kwao. Akafikiri kuuza mapambo ya mke wake, ambayo yangeleta rupia 2,000 au 3,000. Kaka yake akaahidi kuzipata feza kwa njia yoyote. Mama akamwapisha asiguse pombe, wala nyama, wala mwanamke. Wakubwa wa tabaka lake la wachuuzi, huko Bombay, wakamkataza kuvuka bahari. Alipokataa kutii wakamtenga, wakaweka faini juu ya kila atakayemsaidia au kumsindikiza bandarini. Akapanda meli tarehe 4 Septemba 1888.

Akarudi 1891, wakili kamili wa London, na hapo hesabu ya mzee ilivunjika. Katika mahakama ndogo ya Bombay alisimama katika kesi yake ya kwanza, ulimi ukamkauka. Akaketi, akarudisha malipo yake, rupia 30. Akaomba kazi ya kufundisha Kiingereza saa moja kwa siku, mshahara rupia 75. Mkubwa wa shule akamkataa, kwa sababu hakuwa na diploma ya universite! Ile diploma ya kwao, iliyodharauliwa mezani kuwa ni ya rupia 60, ndiyo iliyomfungia mlango wa rupia 75. Basi akarudi Rajkot kuandika hati za maombi. Huko alipata kama rupia 300 kwa mwezi, lakini si kwa nguvu ya London: ni kwa kuwa kaka yake alishirikiana na wakili wa mji, nao wakamgawia kazi. Mwaka 1893 nyumba moja ya wafanya biashara Waislamu ikamwajiri kwa mwaka mmoja, kwa pauni 105, aende Afrika ya Kusini. Yaliyotokea huko dunia nzima yayajua. Lakini mezani pale ni nani aliyeyatia katika hesabu?

Kwa nini basi vijana waliendelea kwenda? Walikwenda kwa sababu Waingereza walikuwa wameuweka mlango London. Tangu 1855 kazi za juu za serikali ya India zilitolewa kwa mtihani, nao mtihani ulifanywa London tu. Mhindi wa kwanza kupita alikuwa Satyendranath Tagore, mwaka 1863, kaka wa mshairi Rabindranath. Mwaka 1878 umri wa mwisho wa kufanya mtihani ukashushwa hata miaka 19, yaani mtoto wa Calcutta ilimpasa avuke bahari ndevu zikiwa bado hazijaota, ashindane na vijana wa Kiingereza katika lugha yao na vitabu vyao. Wahindi walilalamika miaka mingi. Walitaka jambo moja dogo: mtihani ufanywe pia katika nchi yao. Waliupata mwaka 1922, mjini Allahabad.

Hapa tusimame kidogo. Masomo ya Oxford na Cambridge hayakuharibika kati ya mwaka 1921 na 1922. Walimu walikuwa wale wale, vitabu vile vile. Walakini thamani ya safari ilibadilika, kwa sababu mlango ulikuwa umehamishwa. Sisi twaona kwamba kiini cha jambo lote kipo hapa: watu husema wananunua elimu, na kweli elimu ipo, lakini bei kubwa ni bei ya mlango, na kila mlango una mwenyewe, naye aweza kuuhamisha bila kuwauliza waliokwisha kulipa.

Tajiri mmoja aliliona jambo hili mapema. Jamsetji Tata, Mparsi wa Bombay mwenye viwanda vya pamba, aliweka mfuko wa feza mwaka 1892, mwaka mmoja tu baada ya Gandhi kurudi na mikono mitupu. Mfuko ule uliwapeleka Wahindi wenye akili kusoma ng'ambo. Lakini haukuwapa zawadi, uliwakopesha. Aliyesoma akirudi na kupata kazi alirudisha feza, zikampeleka mwingine. Tena aliyechaguliwa alichaguliwa kwa akili, wala si kwa ukubwa wa nyumba aliyoweza kuweka rehani. Mfuko huo upo hata leo. Tutaurudia.

Mpaka hapo tumesema habari za mawakili na wakubwa wa serikali. Na biashara je? Biashara, kwa desturi ya India, haikusomewa shuleni. Msomaji wa Bukavu au wa Lubumbashi aliyewahi kumwona Mhindi nyuma ya meza ya duka lake, na mwanawe wa miaka kumi pembeni akihesabu vitambaa, ameiona shule yenyewe. Wamarwari, Wagujarati, Wachettiar, wote walifundisha watoto wao hivyo: mtoto aketi karibu na mto wa baba, asikie bei, ajifunze kuandika daftari refu lenye jalada la kitambaa chekundu, ajue nani hulipa na nani hukimbia. G. D. Birla, aliyezaliwa 1894 na kufa 1983 akiwa mmoja wa matajiri wakubwa wa India, alisoma shuleni kidogo sana. Dhirubhai Ambani, mwana wa mwalimu wa kijiji, hakukanyaga universite. Alikwenda Aden akiwa kijana, akawa karani wa nyumba ya biashara ya Mfaransa Besse, akajifunza huko mafuta na mikopo na bei za bandarini, akarudi Bombay mwaka 1958 kuanza kazi yake.

Ulaya nayo haikuwa na haraka ya kuifanya biashara kuwa somo. Katika Ubelgiji, mjini Antwerpen, shule mbili kubwa za biashara zilianzishwa 1852, moja ya serikali na moja ya mapadri Wayezuiti. Marekani ikafuata 1881 kwa shule ya Wharton mjini Philadelphia, na 1908 kwa shule ya biashara ya Harvard, ambayo ndiyo iliyotoa kwanza diploma iitwayo MBA. Bombay ilipata Sydenham College mwaka 1913, lakini huko walisomewa zaidi makarani na wahasibu. Mwingereza mwenye kampuni Calcutta hakuwa na haja ya Mhindi mwenye kujua kuongoza. Alikuwa na Waingereza wenzake kwa kazi hiyo.

Uhuru ulipofika mwaka 1947 mambo yakageuka. Viwanda vilihitaji viongozi, na viongozi hawakuwapo. Hapo wa kwanza kufanya kazi hawakuwa matajiri, wala serikali. Mwaka 1949 Padri Quinn Enright, Myezuiti kutoka Marekani, alifungua shule katika Jamshedpur, mji wa chuma uliojengwa na Watata. Aliiita Xavier Labour Relations Institute, yaani shule ya mambo ya kazi kati ya wafanyakazi na wakubwa wao. Jina lenyewe laonyesha nia. Hakutaka kufundisha tu namna ya kuongeza faida. Alitaka mkubwa wa kiwanda na kiongozi wa chama cha wafanyakazi wasome chini ya paa moja, kabla hawajakutana langoni siku ya mgomo. Leo shule ile, XLRI, ni mojawapo ya shule za biashara zenye sifa kuu India, na vijana hugombania nafasi zake. Jambo hili hatulisemi kwa kujisifu. Twalisema kwa kuwa vitabu vingi huanza historia mwaka 1961, kana kwamba kabla yake palikuwa jangwa.

Mwaka 1961, ndio, serikali ilifungua shule mbili kubwa: moja Calcutta mwezi wa Novemba, ikisaidiwa na walimu wa MIT, nyingine Ahmedabad mwezi wa Desemba, ikisaidiwa na Harvard. Feza za Ford Foundation zilitegemeza zote mbili. Ahmedabad ni mji wa viwanda vya pamba, na aliyesukuma kazi pale alikuwa Vikram Sarabhai, mtaalamu wa nyota na mionzi, mwana wa jamaa ya wenye viwanda. Pamoja naye tajiri Kasturbhai Lalbhai. Walimu Wahindi walipelekwa Harvard kujifunza namna ya kufundisha kwa visa, yaani mwanafunzi hupewa habari kamili ya kampuni fulani iliyo katika shida, naye huulizwa: ungekuwa wewe mkubwa wake, ungefanya nini? Waliporudi wakaandika visa vya India: visa vya maziwa na pamba na benki za vijijini. Wakaacha kusomesha watoto wao habari za magari ya Detroit peke yake.

Basi tangu hapo kijana Mhindi alikuwa na njia mbili. Na tusidhani kwamba wote walioondoka walikuwa wana wa matajiri. Katika miaka ya 1960 serikali ya India ilizifungia feza za kigeni kwa ukali. Wengi walioondoka miaka ile husimulia kwamba walitoka na dola 8 tu mfukoni. Mtu wa namna hiyo hakwenda ila shule ya ng'ambo imemlipia. Hili twaomba likumbukwe, kwa kuwa hadithi nyingi nzuri za Wahindi waliofanikiwa ni hadithi za watu waliolipiwa, wala si za watu waliokopa.

Rajat Gupta ni mmoja wao. Alizaliwa Calcutta mwaka 1948, akafiwa na wazazi wote wawili akiwa bado mvulana, akasoma uhandisi Delhi, akakataa kazi nzuri ya nyumbani, akaenda Harvard, akamaliza 1973. Mwaka 1994 alichaguliwa kuongoza McKinsey, kampuni ya washauri inayojulikana duniani kote, wa kwanza asiyezaliwa katika nchi za magharibi kufika hapo. Kwa jina lake wazazi wengi wa India waliweka sahihi za mikopo. Yeye pia alikuwa mmoja wa walioanzisha shule mpya ya biashara mjini Hyderabad, iliyofunguliwa 2001. Kisha mwaka 2012 mahakama ya New York ilimkuta na hatia ya kumtolea mwenzake siri alizozisikia katika baraza la benki, akaingia gerezani mwaka 2014. Twamtaja si kwa kumcheka, maana alikwisha tumikia kifungo chake. Lakini wale wanaotaja diploma yake wanapohesabu faida, wataje habari zote.

Indra Nooyi ni mfano mwingine, nasi twaupenda zaidi. Huyu alisoma kwanza katika shule ya Calcutta, akamaliza 1976, akafanya kazi India, ndipo akaenda Yale kwa msaada wa shule yenyewe. Usiku alikaa mlangoni mwa nyumba ya wanafunzi kupokea wageni na simu, ili apate cha kununulia nguo. Akamaliza 1980. Toka 2006 mpaka 2018 aliongoza PepsiCo. Watu hubishana ni shule gani iliyomfanya, Calcutta au Yale. Ubishi huu hauna mwisho. Jambo moja tu ni wazi: asingekuwa na Calcutta nyuma yake, Yale isingemwona.

Na wana wa nyumba kubwa? Kwao swali letu si swali. Mukesh Ambani, mwana wa yule karani wa Aden, aliingia Stanford kusomea diploma hiyo. Mwaka 1980 baba alipohitaji mkono katika kiwanda kipya, akaacha masomo katikati, akarudi. Hakupotewa na kitu. Kumar Mangalam Birla, kitukuu cha mzee G. D. Birla, alisoma London Business School; baba yake alipokufa 1995 akashika kampuni zote akiwa na miaka 28. Angezishika hata kama angalisoma Pilani. Kwa mtoto wa namna hii diploma ni kama kilemba cha arusi: chapendeza, lakini si kilemba kilichompa mke. Ni kosa kubwa kwa mwana wa mwalimu au wa karani kuitazama picha ya tajiri katika gazeti, akaona jina la shule chini yake, akafikiri shule ndiyo sababu.

Sasa tuje kwenye kalamu ya baba, maana jioni inapita.

Shule kama Harvard hutoza ada inayopita dola 70,000 kwa mwaka. Ukiongeza chumba, chakula, bima na vitabu, miaka miwili hupita dola 200,000. Mwaka 2024 dola moja ilipita rupia 83. Basi twasema rupia 16,600,000 na zaidi. Shule ya Ahmedabad kwa miaka yake miwili hutoza kama rupia 2,500,000. Ng'ambo ni zaidi ya mara sita. Tena mwanafunzi wa Marekani huwa na miaka 27 au 28, amekwisha kuwa na mshahara, na mshahara wa miaka miwili aliouacha ni gharama pia, ijapokuwa hauandikwi katika barua ya shule. Shule nyingine za Ulaya, kama INSEAD ya Fontainebleau, hufupisha masomo yawe karibu mwaka mmoja, na hilo si jambo dogo.

Tuseme shule imemsamehe nusu, na kijana akakopa rupia 8,000,000 katika benki ya India kwa riba ya asilimia 10, alipe kwa miaka 10. Kila mwezi atalipa karibu rupia 105,700. Mwisho wa miaka 10 atakuwa ametoa zaidi ya 12,600,000. Akiwa New York au London na mshahara wa huko, ataweza, tena bila kulia. Akirudi Pune au Kochi na mshahara wa huko, kila mwezi mlango wake utabishwa. Na benki haikubali mkopo mkubwa namna hii kwa uso mzuri tu. Yataka kiwanja au nyumba. Kwa hiyo mwenye kubeba hatari si kijana. Ni wazazi waliofika miaka 60.

Yote, basi, yasimama juu ya neno moja: je, atakaa huko? Na hapo twarudi kwa mwenye mlango.

Marekani hutoa kila mwaka ruhusa 85,000 za kazi za namna ile iitwayo H-1B, na 20,000 kati yake ni za wenye diploma za juu za Marekani. Waombaji wakizidi, majina hupigiwa kura kama bahati nasibu. Mwaka 2023 maandikisho yalipita 750,000, ingawa mengi yalikuwa ya mtu mmoja aliyeandikishwa na kampuni nyingi. Anayetaka kukaa kabisa hukuta sheria nyingine: kwa kawaida hakuna nchi moja inayoweza kupata zaidi ya asilimia 7 ya ruhusa za ukazi zitolewazo kwa ajili ya kazi, na kwa kuwa Wahindi ni wengi, foleni yao ni ya miaka na miaka. Mwezi wa Septemba 2025 rais wa Marekani akatangaza malipo ya dola 100,000 juu ya maombi mapya ya H-1B kwa walio nje ya nchi. Uingereza iliondoa mwaka 2012 ruhusa ya wanafunzi kukaa miaka miwili wakitafuta kazi, ikairudisha 2021. Kijana aliyeingia shule mwaka 2011 alinunua kitu kimoja, akapewa kingine. Allahabad ya mwaka 1922 ilikuwa habari njema. Hizi si zote njema, lakini namna yake ni moja.

Hata jina kubwa halizuii upepo. Wa Harvard waliomaliza mwaka 2024 na kutafuta kazi, asilimia 23 walikuwa bado hawajapata baada ya miezi mitatu. Ni kweli kwamba wengi wao hatimaye hupata, tena kazi za mshahara mnono. Lakini benki ya Pune haihesabu hatimaye, huhesabu mwezi.

Na hapo tumezungumza juu ya shule za sifa. Ziko nyingine zinazovaa nguo za shule za sifa. Mwaka 2011 serikali ya Marekani ilivamia na kufunga Tri-Valley University ya California, iliyokuwa ikiuza karatasi za ukazi kwa jina la masomo. Wanafunzi wake walipita elfu, na wengi sana walikuwa Wahindi, hasa kutoka upande wa Andhra. Baadhi yao walifungwa kifaa cha redio mguuni ili wasitoroke, na India nzima iliona haya na hasira. Mwenye shule alihukumiwa baadaye, lakini feza za wazazi hazikurudi. Mwaka wa masomo 2023 hadi 2024 Wahindi walikuwa 331,602 katika universite za Marekani, wengi kuliko taifa lolote lingine. Si wote walio Harvard. Anayewashauri vijana na asitenganishe shule na shule, huyo awadhuru.

Je, tuwaambie wabaki? Hapana, hatuwezi kusema hivyo kwa wote. Kubaki nako kuna kura yake: zaidi ya vijana 200,000 hufanya kila mwaka mtihani wa kuingia shule za serikali za uongozi, na Ahmedabad huchukua kama 400. Aliyeshindwa kwa alama moja si mjinga. Mwanamke naye huweza kukuta ng'ambo nafasi ambayo nyumbani walimnyima. Naina Lal Kidwai alikuwa mwanamke wa kwanza wa India kumaliza shule ya biashara ya Harvard, mwaka 1982, akarudi, akaongoza benki kubwa katika nchi yake. Na mtu ambaye shule imemlipia zaidi ya nusu, au kampuni yake imempeleka kwa mkataba wa kumrudisha kazini, aende, tena aende upesi. Mlango wake unafunguka pande zote mbili.

Lakini yule ambaye hesabu yake husawazika tu kama atapata ruhusa, na kama atapata kazi ya New York, na kama rupia haitaanguka, huyo ana "kama" tatu juu ya paa moja. Rupia ilikuwa 4.76 kwa dola kabla ya mwezi wa Juni 1966, ikawa 7.50 kwa usiku mmoja; ikaanguka tena 1991; haijapata kupanda ikarudi ilikotoka. Kwa kijana huyu twaona diploma ya Jamshedpur, au ya Calcutta, au ya Ahmedabad, yatosha, na kuipita ni kucheza kamari kwa nyumba isiyo yake. Wengine watabisha ya kwamba shule zile za serikali, mpaka sheria ya mwaka 2017, hazikuwa na ruhusa hata ya kutoa hati ya universite. Zilitoa karatasi ya shule tu. Ni kweli. Na kwa karatasi ile ile tupu watu walishika benki na viwanda vya dunia.

Tuliahidi kuurudia mfuko wa Tata. Mwaka 2010 kampuni za Watata zilitoa dola 50,000,000 kwa shule ya biashara ya Harvard, zikajenga nyumba nzuri kando ya mto kwa jina la Tata. Sisi si wenye feza, wala hatutaki kumhesabia mtu mfuko wake. Lakini twajiuliza feza zile, zingekopeshwa kwa desturi ya mzee Jamsetji, zikirudi na kwenda, zikirudi na kwenda, zingewavusha vijana wangapi bila rehani ya nyumba moja.

Nayo Harvard yenyewe imeongozwa na Wahindi wawili mfululizo katika shule yake ya biashara: Nitin Nohria tangu 2010, aliyesoma uhandisi Bombay, na Srikant Datar tangu 2021. Datar alisoma Ahmedabad, katika shule ile iliyofunguliwa kwa msaada wa Harvard mwaka 1961. Na Ajay Banga, aliyechukua uongozi wa Benki ya Dunia mwezi wa Juni 2023, alisoma biashara Ahmedabad pia, akaanza kazi katika Nestlé huko huko India, akauza vyakula vyake miaka 13 kabla ya kuondoka.